Mdogo wangu anasema televisheni inamsema: tusubiri au twende hospitali?

Swali: «Daktari, mimi ni mtoto wa kwanza katika familia ya watoto wanne, tunaishi Morogoro. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 21 na alikuwa mwaka wa pili chuoni Dodoma. Mwezi wa pili alirudi nyumbani ghafla bila kufanya mitihani, akasema amechoka. Kwa miezi minne sasa hatoki chumbani, haogi mpaka abembelezwe, usiku anazungukazunguka na mchana analala. Ameifunika televisheni kwa kanga kwa sababu anasema watangazaji wanamsema yeye. Wiki iliyopita nilimsikia akijibishana na mtu, ilhali alikuwa peke yake. Chuoni aliwahi kuvuta bangi, sijui kwa kiasi gani. Baba anasema amerogwa na anataka kumpeleka kwa mganga aliyeelekezwa. Mama anampeleka kwenye mikesha ya maombi. Mjomba anashauri tumfunge kamba kabla hajatuletea balaa. Mwenyewe anasema haumwi. Nimesikia pia kwamba dawa za hospitali humfanya mtu kuwa zezeta na kwamba akishaanza haachi maisha yake yote. Je, tusubiri kwanza? Na kama ni kwenda, tutampelekaje mtu asiyekubali kuwa anaumwa?»

Dada, nianze na jibu, kisha maelezo yafuate. Msisubiri. Miezi minne mliyokwisha kuipitisha ndiyo kusubiri kwenyewe, na hali haijapungua bali imeongezeka: alianza kwa kujitenga, akafika kuifunika televisheni, na sasa anajibu sauti ambazo ninyi hamzisikii. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni dharura ya usiku huu, na nitakueleza baadaye ni dalili zipi zingeigeuza kuwa dharura. Lakini ni jambo la wiki hii, si la baada ya mavuno wala la kusubiri chuo kifunguliwe.

Siwezi kumpima mtu kwa barua. Ninachoweza kusema ni kwamba picha uliyoichora, ya kijana wa umri huo anayeacha masomo, anayegeuza usiku kuwa mchana, anayeamini kwamba matangazo ya watu wote yanamhusu yeye na anayesikia sauti, inafanana sana na kile tunachokiita saikosisi, yaani hali ambayo akili inapoteza mpaka kati ya kilicho ndani ya mtu na kilicho nje yake. Naomba neno hilo ulichukue kama unavyolichukua neno homa. Homa si jina la ugonjwa mmoja. Inaweza kuwa malaria, taifodi au jipu lililojificha. Saikosisi nayo inaweza kutokana na mambo mengi: bangi na vileo vingine, kifafa, jeraha la kichwa, maambukizi yanayofika kwenye ubongo, kaswende ya muda mrefu, VVU, sonona kali, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, au skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili ambao saikosisi yake hudumu muda mrefu, na ambao kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani humpata mtu mmoja kati ya watu 300 hivi. Mara nyingi huanza kati ya miaka 15 na 30, katika umri ule ule ambao kijana anaondoka nyumbani, anaanza chuo au anatafuta kazi, na ndiyo maana familia nyingi hudhani ni uvivu, mapenzi au utukutu wa ujana. Hakuna daktari makini atakayembandika mdogo wako jina la skizofrenia siku ya kwanza, na akitokea wa kufanya hivyo kwa dakika 10 una haki ya kumwomba aeleze amefikaje huko.

Ili uelewe kwa nini kumbishia hakusaidii, ni vyema ujue kinachotokea ndani. Kila sekunde macho na masikio yetu hupokea mambo mengi sana, na ubongo una kazi ya kuchagua: hili ni la maana, lile lipite. Unapopita sokoni unasikia kelele mia na huzijali, lakini mtu akitaja jina lako unageuka. Kazi hiyo ya kuweka alama ya «hili linakuhusu» hutegemea kwa sehemu kubwa kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Katika saikosisi, dopamini hiyo hutolewa kwa wingi na mahali pasipostahili, hivyo alama huwekwa kwenye mambo ya bure kabisa: namna kikombe kilivyowekwa mezani, kikohozi cha jirani, mtangazaji aliyesema «wewe uliyeko nyumbani». Mtu anahisi kwa nguvu zote kwamba jambo hilo lina ujumbe wake, ila hajui ni ujumbe gani. Hali hiyo inatisha, na akili yoyote inayotishwa hutafuta maelezo. Akipata maelezo kwamba anafuatiliwa, au kwamba televisheni inamsema, anapata nafuu kidogo kwa sababu sasa angalau mambo yanaeleweka. Kwa hiyo huyang'ang'ania maelezo hayo. Ukimwambia «acha upuuzi, huyo mtangazaji hakujui», humwondolei hofu, unamwondolea tu mtu mmoja wa kumwamini. Sauti nazo si uongo wala maigizo. Maeneo ya ubongo yanayohusika na kusikia na kusema hufanya kazi kweli anapozisikia, ila ubongo unashindwa kutambua kwamba zimetoka kwake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo hiyo, kusema «siumwi» si ukaidi. Kiungo ambacho kingempa habari kwamba anaumwa ndicho kinachoumwa. Aliyevunjika mguu anauona mguu wake. Mdogo wako anauona ulimwengu uliobadilika, na kwa upande wake ninyi ndio msioona.

Kuhusu bangi, nakuomba msiigeuze kuwa kesi ya kumhukumu. Ni kweli kwamba kuivuta mara kwa mara, hasa kwa kuanza ukiwa kijana mdogo na kwa kutumia ile kali, huongeza uwezekano wa kupata saikosisi, na kwamba aliyekwisha kuugua akiendelea kuvuta hurudiwa upesi zaidi. Lakini saikosisi iliyoletwa na bangi pekee kwa kawaida hutulia ndani ya siku au wiki chache baada ya kuacha. Kama tangu mwezi wa pili hatoki chumbani na hakuna anayemletea, basi bangi peke yake haitoshi kueleza miezi minne. Mwambieni daktari ukweli wote kuhusu hilo. Hospitali haimshitaki mtu.

Sasa nije kwa baba, mama na mjomba, na nitatenganisha kauli zao kwa sababu hazina uzito sawa. Sitabishana na baba yako kama uchawi upo au haupo. Nimekaa na wazee wengi na sijawahi kumpata mgonjwa aliyepona kwa sababu mimi nilishinda mjadala huo. Ninachowaambia ni kwamba mtu anayeamini amerogwa bado anaweza kuwa na ubongo unaohitaji dawa, kama vile anayeamini ajali ya pikipiki ilitumwa na adui bado anapelekwa kufungwa mfupa. Dua, kisomo au maombi vinaweza kwenda sambamba na matibabu, na kwa familia yenye imani vina faraja ambayo mimi sina dawa yake. Nina masharti tu. Asinyimwe usingizi, asifungishwe chakula wala maji, asivutishwe moshi, asipigwe, na dawa za hospitali zisikatizwe kwa agizo la mtu ambaye si tabibu wake. Hapo mama anisamehe, lakini mikesha ikome kwa sasa. Kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayochochea saikosisi zaidi, na kijana ambaye tayari hajalala vizuri kwa miezi minne hapaswi kukeshezwa hata kwa nia njema. Kanisa lije nyumbani saa 10 jioni, lisali, liondoke, naye alale.

Kamba hapana. Mtu anayeamini kwamba watu wanamwandama, ukimfunga umemthibitishia. Nimepokea wagonjwa wenye vidonda vya mikono vilivyochukua muda mrefu kupona kuliko saikosisi yenyewe, na ambao miaka miwili baadaye bado hawali chakula mezani na mjomba aliyewafunga. Tena, watu wengi wenye saikosisi si wakali; wao ndio wanaoogopa, na huko mitaani wana hatari kubwa zaidi ya kudhuriwa kuliko ya kudhuru. Hofu ya mjomba naielewa, na nitampa jambo la kufanya baadaye, kwani mtu mwenye nguvu na hofu asipopewa kazi atajipa mwenyewe.

Umeuliza kama kusubiri kuna ubaya gani. Kwa muda mrefu madaktari tulijua kwamba wanaochelewa kutibiwa hupona kwa shida zaidi, lakini palikuwa na hoja ya haki dhidi yetu: huenda wanaochelewa ni wale ambao ugonjwa wao ni wa polepole na mgumu tangu mwanzo, hivyo si ucheleweshaji uliowaharibia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 jimbo la Rogaland nchini Norway, katika eneo la mji wa Stavanger, lilifanya jaribio la maana. Walitangaza magazetini, redioni na shuleni dalili za mwanzo ni zipi, wakaweka kikosi ambacho mtu yeyote, awe mwalimu au mzazi, angeweza kukipigia simu bila barua ya rufaa. Maeneo mengine waliyojilinganisha nayo yalikuwa na matibabu yale yale ila hayakuwa na matangazo hayo wala kikosi. Muda wa kati wa kukaa bila tiba, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa walikaa pungufu yake na nusu zaidi yake, ulikuwa wiki 5 kwao, na wiki 16 kwa wenzao. Walipofuatiliwa baada ya miaka 10, waliopona kwa maana ya kukaa bila dalili kali na kujimudu katika maisha walikuwa karibu asilimia 31 upande wa waliowahiwa, na asilimia 15 upande wa pili. Angalia kwamba dawa zilikuwa zile zile, na kilichotofautiana ni siku waliyofika. Angalia pia kwamba hata waliowahiwa si wote waliopona, na sitaki nikuahidi zaidi ya hapo. Kuna hasara nyingine ambayo haihitaji utafiti: kila mwezi unaopita chumbani, marafiki wanaacha kupiga simu, nafasi ya chuo inapotea, na jirani mmoja zaidi anajifunza kumwita chizi. Vitu hivyo dawa haivirudishi.

Dawa sasa. Habari ya uzezeta haikutoka hewani. Wapo waliopewa dozi kubwa mno, hasa za zile dawa za zamani kama haloperidoli na klopromazini, wakaonekana wakitembea kama miti, wanatokwa mate, na jamii ikahitimisha kwamba dawa ndiyo imemfisha akili. Kanuni kwa anayeanza kutibiwa kwa mara ya kwanza ni kinyume chake: kuanza na dozi ndogo na kuipandisha taratibu, kwa sababu ubongo ambao haujawahi kupata dawa hizi hujibu kwa kiasi kidogo. Kila dawa ina gharama yake nanyi mna haki ya kuijua kabla. Haloperidoli inaweza, katika siku za kwanza, kukaza shingo au kuyapeleka macho juu ghafla. Inatisha kuiona lakini huondoka upesi kwa sindano au kidonge, kwa hiyo rudini hospitali siku hiyo hiyo, msikimbilie kuhitimisha kwamba amepandisha mashetani. Risperidoni husumbua hivyo kwa nadra zaidi dozi ikiwa ndogo. Olanzapini hutuliza na kuleta usingizi, ila huongeza njaa na uzito, na sukari inahitaji kupimwa. Akisema hawezi kutulia kwenye kiti, anasimama na kukaa kama anayeungua miguuni, hayo pia yanaweza kuwa madhara ya dawa na si ugonjwa kuzidi. Dozi ipunguzwe au dawa ibadilishwe.

Na je, ni ya maisha yote? Kwa mtu wa mara ya kwanza, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kuendelea angalau miezi 12 baada ya dalili kutulia, kisha daktari na mgonjwa wakae waamue, na kama ni kupunguza ipunguzwe kidogo kidogo. Wengine huacha salama. Wengine hurudiwa na kulazimika kuendelea muda mrefu, na hakuna kipimo cha damu cha kutuambia mapema nani ni nani. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni la mwezi wa tatu: amepona, anacheka, anakwenda dukani, na familia inasema dawa ya nini tena. Kuacha ghafla huongeza sana uwezekano wa kurudiwa, na kurudiwa kunaweza kuchukua muda mrefu zaidi kutulia.

Tufike penye ugumu, yaani namna ya kumpeleka. Achana kabisa na lengo la kumfanya akubali kwamba ni mgonjwa wa akili, hulihitaji. Unachohitaji ni jambo moja linalomsumbua yeye mwenyewe, na kwa barua yako naona lipo: usiku hapati usingizi. Kaa naye mahali tulivu, chagua saa ambayo huwa mtulivu, mjongelee upande si uso kwa uso, televisheni ikiwa imezimwa, na awe mtu mmoja tu anayezungumza. Akikueleza habari za watangazaji, usikubali na usipinge. Sema ukweli ulio wako: «Mimi hayo siyasikii, lakini naona yanakutesa, na naona usiku hulali. Twende tukamwone daktari akusaidie ulale. Nitakuwa nawe mpaka mwisho.» Akikataa leo, usimalize kwa ugomvi, mwulize tena kesho kutwa. Mara nyingi anayefanikiwa si mzazi bali mtu wa rika lake, rafiki wa sekondari au binamu aliyekuwa akicheza naye mpira, na huyo mumtafute.

Msimdanganye kwamba mnakwenda harusini mkaishia wodini. Wala msimtilie dawa kwenye uji kwa siri, hata kama kuna jirani aliyefanya na «ikasaidia». Kijana ambaye ugonjwa wake ni kuamini kwamba watu wake wanamficha mambo, siku atakapoiona punje ya kidonge chini ya kikombe hatakula tena chakula cha mama yake, na mimi nitakuwa nimepoteza njia pekee ya kumtibu ambayo ni kuaminiana.

Hamhitaji kuanzia hospitali kubwa za taifa kama Mirembe wala Muhimbili. Hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa ina mahali pa kuanzia, na kama kliniki ya afya ya akili ina siku zake, ulizeni kabla ili msifunge safari bure. Kama fedha ni kikwazo, onaneni na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa. Watampima mwili kwanza, na ni lazima wafanye hivyo: malaria, VVU, kaswende, sukari, na maswali kuhusu degedege na kuanguka. Nenda na daftari ulilolijaza tarehe: lini aliacha kulala, lini alianza kuzungumza peke yake, nani katika ukoo aliwahi kuugua hivyo, na siku gani anaonekana nafuu. Ukurasa mmoja wa tarehe hunifaa kuliko saa nzima ya ndugu watano wanaozungumza kwa pamoja.

Usisubiri siku ya kliniki, nendeni usiku huo huo, kama atasema anataka kufa au sauti zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mwingine. Kama atashika silaha. Kama ataacha kula na kunywa. Kama atakaa kimya amekakamaa hasogei. Au kama kuchanganyikiwa kutaambatana na homa, degedege au kupotelewa na fahamu, kwani hapo tunafikiria ubongo wenyewe umeambukizwa. Mwulizeni waziwazi kama amewaza kujiua. Kuuliza hakumpandi wazo, na vijana walio katika mwaka wa kwanza wa ugonjwa huu wako katika hatari hiyo kuliko wanavyoonyesha. Na hapa ndipo kazi ya mjomba ilipo: leo aondoe nyumbani panga, kamba, dawa za panya na za shambani, aviweke kwake, na awe na namba ya dereva mwenye gari atakayekubali kuja saa 8 za usiku. Ikibidi nguvu itumike kumfikisha hospitali, iwe kwa msaada wa mwenyekiti wa mtaa, ofisa ustawi wa jamii au polisi, na mmoja wenu anayemwamini asibanduke kando yake. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mtu kulazwa bila ridhaa yake kwa utaratibu maalumu, lakini hiyo iwe njia ya mwisho.

Nyumbani, punguzeni sauti. Tangu utafiti wa London wa miaka ya 1960 na 1970 inajulikana kwamba wagonjwa wanaorudi katika nyumba zenye lawama na kufokewa hurudiwa zaidi kuliko wanaorudi kwenye nyumba tulivu. Mtu mmoja amkumbushe dawa, si wanne. Apewe kazi ndogo inayoonekana, kumwagilia bustani au kuchota maji, na asisifiwe kupita kiasi kama mtoto wa miaka minne. Wewe nawe gawana usiku na wadogo zako. Barua yako inaonyesha kwamba huko nyumbani hakuna mwingine anayelala kwa zamu, na dada aliyechoka hukasirika upesi.

Mwisho ni chuo. Familia nyingi hukikumbuka wakati barua ya kufukuzwa imekwisha kufika. Siku mtakapomwona daktari, ombeni cheti kinachosema tu kwamba alikuwa mgonjwa na anatibiwa, bila jina la ugonjwa, kisha mwandikie mshauri wa wanafunzi kuomba kuahirisha masomo kwa sababu za kiafya, ukieleza tarehe aliyoondoka na kwamba mitihani hakuiacha kwa utoro. Mwambie mdogo wako kwamba umeiandika, na kama atakubali, aisaini mwenyewe.